Jina la Baba Mkwe

Asubuhi ya siku ile baraza la madiwani lilipokaa, Judith hakula kitu. Chai aliimimina, akaitazama mpaka ikapoa, akaimwaga uani. Hofu ikishakaa tumboni haikipishi chakula, na hofu ya Judith ilikuwa na sababu, iliyolala chini ya ardhi nyuma ya uzio wa chuo kikuu.

Hapo nyuma ya chuo ndipo halmashauri ilipotaka kujenga. Jengo la ghorofa: chini maduka na supamaketi, katikati hosteli za wanafunzi, juu ofisi. Wanafunzi walikuwa wamefurika mjini, wanalala watatu watatu kwenye vyumba vya uani, na kila mwenye kibanda cha chipsi alikuwa anaota fremu ya duka. Mradi ulikuwa mzuri. Judith mwenyewe, diwani wa viti maalum, aliusifia mikutanoni, kabla ya kuonyeshwa kiwanja chenyewe ni kipi.

Katikati ya kiwanja kile kuna tuta la udongo lililoota nyasi. Mpita njia ataliita kichuguu. Wabarbaig wanajua ni bung'ed, kaburi la mzee aliyeheshimiwa. Ukoo hulijengea juu kwa udongo mwezi baada ya mwezi, kisha mvua zinaachiwa zilishushe polepole. Haliwekwi msalaba wala saruji. Aliyelala pale ni baba mkwe wake Judith. Mashamba yalipoumeza uwanda, ukoo ulihamia Dirma na mifugo yake, mzee akabaki.

Sasa oneni mkosi ulipo. Mwanamke wa Kibarbaig akishaolewa hataji jina la baba mkwe wake. Hatamki, haandiki, hata maneno yanayofanana nalo huyakwepa. Wasomi wanaweza kucheka. Mimi sicheki, na jina lenyewe sitalitaja humu, ingawa mzee yule hakuwa mkwe wangu. Kujipalia makaa bure sikuzoea.

Judith aliwahi kulitaja mara moja. Muuguzi alimuuliza jina kamili la mtoto wake wa kwanza, la baba na la babu, na yeye kwa uchovu wa kujifungua akajibu tu, kama alivyozoea kujibu shuleni. Hakuna mtu wa ukoo aliyesikia. Mwezi haukuisha, mtoto akashikwa na homa, akafa. Daktari alisema ni nimonia. Judith alimshukuru na hakumwamini. Siri hiyo alilala nayo na kuamka nayo, na sasa alikuwa na mtoto mwingine, Lucia, ambaye meno ndiyo kwanza yanachomoza.

Lucia alikuwepo ukumbini siku hiyo, amepakatwa na bibi yake, mjane wa mzee yule, kwenye viti vya wananchi. Bibi alivaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, cha kuuliza bei ya ndama, lakini alikuwa amekataa kubaki nyumbani.

"Nataka nione watakavyomfanyia," alimwambia Judith kwa lugha yao wakati wanaingia.

Mwenyekiti, Mzee Hermani wa Gitting, alifungua mjadala. Mmoja akasifia ajira, mwingine akauliza maji taka yataelekea wapi, mwingine akataka mama lishe wakumbukwe. Judith alinyoosha mkono. Akaurudisha, akaunyoosha tena.

"Shikamoo Mwenyekiti," alisema, na ukumbi ukacheka, maana hofu ilimfanya aamkie kikao kama amebisha hodi kwa mtu.

"Marahaba, mama. Endelea."

"Kiwanja kile kina kaburi."

"La nani?"

"La mzee wetu."

"Wazee sote tunao, mheshimiwa. Karani hawezi kuandika 'mzee wetu' kwenye kumbukumbu. Tupe jina, tuuite ukoo, tusikilizane. Bila jina, lile ni tuta la udongo."

Judith akainamia meza.

"Haya, mume wako anaitwa nani?" Mzee Hermani hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu.

"Emanuel."

"Emanuel nani?"

Nyuma yake mtu akacheka, "Mheshimiwa hajui ubini wa mumewe!" Yeye mwenyewe aligombea udiwani kwa jina la baba yake mzazi, Gidabuday, kwa hiyo wengi mle ndani hawakujua alikoolewa. Karani akamletea karatasi aandike. Kalamu ikamponyoka, ikaanguka chini ya meza, na hakuiokota. Mkono ukiandika, mdomo umesema, na aliyelala kule hawezi kudanganywa na wino.

Emanuel alikuwa malishoni, mbele ya Getanuwas, na tangu alfajiri simu yake ilikuwa haipatikani. Akabaki mtu mmoja. Diwani Joakimu, Mbarbaig kama wao, alikulia jirani na boma la mzee na kunywa maziwa yake. Jina lile kwake lilikuwa jina tu, angeweza kulitamka akipiga miayo. Judith akamgeukia kwa macho ya kuomba. Joakimu akainamia simu yake, akawa anapekua na kupekua. Alishaahidiwa fremu inayotazamana na geti la chuo, na fremu ile ilimziba mdomo vizuri kuliko mwiko wowote.

"Tupige kura," alisema mtu.

"Wanaokubali mradi uendelee kama ulivyo..." alianza Mzee Hermani.

Judith akakiona akilini kijiko, lile tingatinga la kuchimbia lililokwisha kuegeshwa kando ya uzio. Akaliona linachota udongo, nyasi, na kilicho chini ya nyasi. Akamwangalia Lucia kule nyuma, kichwa begani kwa bibi yake. Akafumba macho, akalitaja.

"Sijasikia, mheshimiwa," alisema karani. "Rudia, sogea kwenye maikrofoni."

Mtu akishalowa hana tena cha kuogopa mvua, ndivyo wasemavyo. Uongo. Judith aliogopa ya pili kuliko ya kwanza. Akaisogelea maikrofoni, akalitaja tena, na spika zikalipokea zikalipeleka mpaka nje, kwa waendesha bodaboda na wauza ndizi. Nyuma kwenye viti vya wananchi bangili za shaba zikagongana.

Hapo Joakimu akainuka, simu ameitia mfukoni.

"Mwenyekiti, hapa mimi ndiye mwenyeji wa mila hizi. Mwanamke wa kwetu hataji jina la baba mkwe. Afe, hataji. Huyu amelitaja mara mbili, mbele yetu sote. Basi aliyemtaja si mkwe wake, na lile si kaburi."

Minong'ono ikapita. Vichwa vikaanza kutikisika kumkubali. Judith alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho, na ndicho kilichokuwa kinatumika kumzika mzee mara ya pili.

Bibi akaja. Mgambo wa mlangoni alinyoosha mkono kumzuia, akauona uso wake, akashusha mkono. Alipita katikati ya viti vya waheshimiwa, mjukuu ubavuni, hakusalimia wala hakusalimiwa, akasimama mbele ya Judith na kumfunika mdomo kwa kiganja. Kiganja kilinuka samli na moshi. Machozi yalikuwa yanamtoka yule mama.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Joakimu alikaa chini polepole, hakuinua tena uso wake. Mzee Hermani alivua miwani. Yeye alikuwa Mwiraqw, na kwao nako laana si jambo la mchezo.

"Hoja inarudi kwenye kamati," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Wakatafute kiwanja kingine. Pale pasiguswe na mtu."

Wale wanawake wawili walitoka bila kusemeshana. Walifika barabarani, wakapita chuo, wakalipita lile tuta kwa mbali. Judith hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mama, nisamehe. Nilishawahi kulitaja zamani, hospitali, alipozaliwa yule wa kwanza. Mara moja tu. Ndipo akafa."

Bibi akasimama, akamtazama.

"Mara moja?" alisema. "Basi si yeye aliyemchukua. Mume wangu alikuwa mtu wa maringo, akiitwa mara moja haitiki. Sisi wote tulikuwa tunamwita mara mbili."

Mzigo wa miaka ulimteremka Judith pale pale barabarani, akavuta pumzi, na pumzi ile haikufika mwisho. Ukumbini karani alimwambia arudie, na yeye akarudia.

Akampokonya bibi mtoto na kumwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa na joto, la jua pengine, au la kubebwa.

"Ameitika, mama?"

"Ameitika," alisema bibi, akitazama walikotoka. "Twende nyumbani. Akija atauliza ameitiwa nini, na wewe ndiye utakayemjibu."