Mume Wangu na Mkataba wa Kongo

Nilikuwa sokoni Makambako, nachambua viazi na Esnath, mwenye meza ya jirani. Tangu asubuhi redio yake ilikuwa na habari moja: mkataba wa amani ya Kongo umesainiwa huko ng'ambo. Nilichambua huku natabasamu peke yangu. Binti yetu Idda, askari muuguzi, alikuwa na mwaka mzima huko na kikosi cha kulinda amani, na wiki mbili kabla kombora lilikuwa limeangukia jiko la kambi yao.

Mchana wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Kefa wa Njombe. Aliupongeza mkataba, akasema vijana wetu watarudi. Nilimwombea heri, ingawa nyumbani kwetu jina lake lilikuwa halitajwi. Yeye na mume wangu Masumbuko ni wa chama kimoja na kwaya moja ya Kilutheri, ila mwaka ule kila mmoja alitaka chama kimteue kugombea udiwani wa kata ya Ramadhani, mjini Njombe. Tangu wachukue fomu walikuwa wakipishana njiani kama wasiojuana.

Ikafuata sauti niliyoitambua kabla haijajitaja.

"Huo mkataba ni karatasi ya kufungia vitumbua. Wanaoushangilia hawaijui Kongo. Majeshi yetu yasitoke kule hata dakika moja!"

Esnath akageuka. "Mama Idda, huyu si Baba Idda?"

Mteja aliniuliza kitu, sikumwelewa. Nilimwachia Esnath viazi, nikapanda basi la kwanza kurudi nyumbani Njombe.

Masumbuko nilimkuta sebuleni, uso umemchangamka.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Mkataba wenyewe umeusoma?"

"Nani kausoma?"

"Sasa umeupinga kwa lipi?"

Akakohoa. "Kefa keshaudaka. Wajumbe wanapiga kura Jumamosi. Ulitaka nami niseme naungana na Mwalimu Kefa?"

"Na Idda?"

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Naapa, alikuwa hajamfikiria. Mwanamume huyu ndiye aliyekaa siku tisa kando ya kitanda cha Idda kule hospitali ya Ikonda, alipolazwa akiwa mtoto. Niliketi sakafuni.

Kabla hajasema neno, simu yake ikaita. Alikuwa Idda. Sauti ya kipindi kile ilikuwa imetumwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ikafika kambini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wenzangu wamekusikiliza mara mbili. Wameniuliza kama huyu ni baba yangu mzazi. Nimewajibu sijui."

Akakata.

Kesho yake Masumbuko alipiga tena redioni. Alikiri kwamba alisema bila kusoma, kwamba ana mtoto kule, na kwamba anaomba mkataba uheshimiwe. Nilishusha pumzi. Kipindi hakijaisha, Kefa naye akapiga.

"Tumeutazama upya mkataba ule," alisema. "Una mapengo makubwa. Wapo wanaoukumbatia kwa maslahi ya familia zao."

Nilikwenda kwake kwa miguu, kanga begani. Mkewe Eveline alinikaribisha chai, sikuigusa.

"Mwalimu, Idda ulimfundisha kusoma wewe. Jana ulisema arudi. Leo amekukosea nini?"

Kefa akacheka, tena kwa upole. "Mama Idda, hizo ni siasa tu. Usiziweke moyoni."

Nilimtazama yule mtu mwenye mvi, anayeongoza sauti ya tatu kwayani kila Jumapili, nikaona ananicheka kweli, hana hata haya. Eveline alikuwa ameinamisha uso. Niliondoka bila kuaga.

Jumamosi wajumbe walimchagua mtu mwingine kabisa.

Kule Kongo mapigano hayakukoma. Idda alirudi miezi mitano baadaye, muda wake ulipokwisha. Tulikwenda kumpokea stendi ya Makambako. Njia nzima Masumbuko alikuwa akinong'ona maneno ya kumwambia. Idda alishuka amekonda, akamwamkia baba yake kwa heshima zote, akasubiri aitikie. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, kuna chakula nyumbani?"

Masumbuko alibaki amesimama, mdomo wazi, akiwa bado hajaanza.