Shahidi wa Kiprugut

Kabla siasa haijamwingia kichwani, Kiprugut wa Kosgei alikuwa mtoto kama wengine wa laini ya wafanyakazi pale shambani kwa Mzungu waliyemwita Bwana Kofia, upande wa Njoro, kwenye ng'ombe wa maziwa na maua ya pareto. Alichunga ndama, akaiba mahindi mabichi, akachapwa, maisha yakaendelea. Siasa yenyewe iliingia kwa njia ya sukari. Mhindi wa duka la Njoro alifunga sukari kwa kurasa za magazeti makuukuu, na Kiprugut alianza kuzisoma kabla mama yake hajazitia motoni. Akasoma habari za baraza la Nairobi, za mgomo wa Mombasa, za watu waliopeleka malalamiko ng'ambo. Zote zilikuwa zimekatwa katikati, maana Mhindi hakujali sentensi inaishia wapi. Hilo ndilo lililomtesa kijana. Mtu akisoma nusu ya jambo, jamani, atalalaje kabla hajapata ile nusu nyingine?

Kufika darasa la nane, mwaka wa hamsini na mbili, alikuwa amegeuka kero. Babake akilalamikia kodi, yeye anauliza kodi ilianza lini na nani aliileta. Shuleni ndiyo usiseme. Mwalimu wa historia alikuwa Adero, mtu wa Nyanza, suruali imepigwa pasi mpaka ina makali. Siku moja alikuwa akifundisha habari za wapelelezi wa Kizungu waliopita Bonde la Ufa, Kiprugut akainua mkono.

"Mwalimu, na wale waliowaona wakipita, wao walisema nini?"

Darasa lilicheka. Mwalimu Adero hakucheka. "Kitabu hakisemi," alijibu. "Basi nenda ukaulize wewe. Lakini ukija kwangu na habari, uje na shahidi. Nani kasema, aliona wapi, lini. Historia bila shahidi ni porojo za kilabuni."

Kiprugut akalichukua neno hilo kama mtu aliyepewa kazi ya mshahara. Akaanza kuuliza watu. Wengi walimfukuza, na wengine walimtuma kuni kwanza. Aliyemjibu ni mmoja tu, Mathenge, mkamuaji, jirani yao wa mlango kwa mlango.

Mathenge alikuwa mfupi, mbishi, tumbaku ya kunusa haimtoki puani, na alibishana na ng'ombe aliyekuwa akimkamua kama vile ng'ombe angemjibu. Alifika pale miaka miwili nyuma pamoja na mkewe Wariara. Aliyemleta ni Nderitu, dereva wa lori la maziwa, ambaye alimwambia Bwana Kofia kwamba huyu ni binamu yake kutoka Kiambu, mtu mpole, anajua kukamua. Upole hakuwa nao, na ubinamu pia haukuwepo.

"Wewe mtoto wa Kosgei," Mathenge alimwambia jioni moja zizini, "unataka kujua mambo ya zamani? Ya zamani ya nini? Shika huu mkebe nikwambie ya juzi."

Akamwambia. Kwao kulikuwa Olenguruone, kule juu kwenye baridi, mahali serikali ilipowaweka. Walilima viazi na kabichi, wakajenga, wakadhani wamefika. Halafu wakaambiwa shamba si lao, watalima kwa masharti. Wakakataa. Wakaja askari, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakapakiwa malori mpaka Yatta, mahali ambapo hata jiwe lina kiu. Huko Yatta mwanawe wa pekee, Waithaka, alishikwa na homa, na homa ikamaliza kazi yake. Mathenge na mkewe walimzika, wakatoroka kwa miguu, wakarudi Bonde la Ufa kujificha kwa jina la Nderitu.

"Angekuwa rika lako," alisema, akapangusa pua kwa nyuma ya kiganja. "Haya. Hayo ni ya kichwani mwako. Yakae huko."

Kiprugut akatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni kazi rahisi, hata mbuzi anaiweza.

Tangu siku hiyo alikuwa zizini kila jioni. Wariara alimwekea viazi vya kuchoma kwenye jivu, Mathenge akamwita mwanangu, mwanzo kwa utani, baadaye bila utani. Naye kijana akawa anajua mambo ambayo mwalimu wake mwenyewe hakuyajua, na utamu wa kujua ulimlevya. Usicheke. Kuna watu wazima wamelewa kwa kidogo kuliko hicho.

Oktoba ikaja na tangazo la hali ya hatari. Shamba zima liliteremsha sauti. Wakikuyu wakaanza kuitwa mmoja mmoja kuhojiwa, na mtu akisikika tu kwamba alikuwa Olenguruone, basi, habari yake imekwisha, maana serikali ilisema mbegu ya fujo ilitoka huko. Mathenge akaacha kubishana na ng'ombe. Wengine waliona hatari. Kiprugut, Mungu amsamehe, aliona historia ikipita mlangoni, na alitembea siku hizo kifua mbele kama mtu aliyealikwa harusini.

Mwanzo wa Desemba shule ilifanya siku ya wazazi, pamoja na mdahalo kwa Kiswahili ili wazee wasikie. Walichagua mada ya usalama kabisa: elimu ni bora kuliko ng'ombe. Padri alikuwa mwenyekiti. Bwana Kofia alikaa mbele, kwa sababu ndiye aliyetoa mabati ya darasa. Kosgei alikuja na koti lake la kanisani. Mathenge na Nderitu hawakuja, maana maziwa hayajui siku ya wazazi.

Upande wa ng'ombe ulisimamiwa na Micah, jitu la darasa la nane lenye ulimi wa dalali. "Cheti hakitoi maziwa!" alinguruma. "Utaoa kwa cheti? Utamchinjia mgeni cheti?" Wazee wa Kikipsigis walipiga fimbo chini kwa furaha.

Zamu ya Kiprugut ikafika. Aliona watu wako upande wa Micah, akatafuta neno zito la kuwageuza, na neno zito alilokuwa nalo lilikuwa moja tu.

"Ng'ombe huchukuliwa," alisema. "Kilichoko kichwani hakuna wa kukichukua. Waulizeni watu wa Olenguruone. Walikuwa na ng'ombe na nyumba. Leo wana nini?"

Micah akainuka bila kungoja ruhusa. "Nani kakwambia? Ulikuwepo? Porojo!"

Watu wakacheka, Bwana Kofia pia. Kiprugut alimtafuta Mwalimu Adero kwa macho, akamwona ameegemea ukuta, anatikisa kichwa polepole. Kijana akadhani mwalimu anasikitika kwa vile mwanafunzi wake amesahau kutaja shahidi. Damu ikampanda usoni.

"Shahidi ninaye!" alipaaza sauti. "Ni Mathenge, mkamuaji wa shambani kwetu! Alikuwepo yeye mwenyewe. Nyumba yake ilichomwa, ng'ombe wake walichukuliwa, na kutoka Yatta alitoroka kwa miguu!"

Makofi yalilipuka. Mwalimu Adero akagonga kengele ya kumaliza muda, ingawa muda haukuwa umekwisha. Elimu ikawashinda ng'ombe. Bwana Kofia mwenyewe alimkabidhi Kiprugut kalamu ya zawadi, akampa mkono mbele ya watu wote.

"Kijana hodari sana wewe," alisema kwa Kiswahili chake cha shamba. "Ile mkamuaji, jina yake nani tena?"

Na Kiprugut, kwa furaha, akalirudia jina. Alilitamka vizuri, kama alivyofundishwa.

Walipotoka nje, gari la Bwana Kofia lilikuwa limeshashika njia ya kituo cha polisi. Kosgei alimshika mkono wa shati, akamvuta pembeni. Kijana alitegemea sifa. Babake alikuwa amekwajuka.

"Ulimi hauna mfupa, sawa, lakini wako leo umemvunja mtu," alisema. "Unajua umefanya nini? Kimbia! Mwambie Mathenge aondoke sasa hivi, hata viatu asitafute."

Hapo ndipo Kiprugut alipoelewa, yote kwa mara moja. Alikimbia. Alikata njia kwenye pareto, akaruka mtaro, akaanguka, akainuka. Njiani gari la polisi lilimpita likimwachia vumbi, naye akaendelea kukimbia nyuma yake akilia kwa sauti, kana kwamba miguu ya mtu inaweza kulishinda gari. Alipofika laini, Mathenge alikuwa ameshafungwa mikono na kuketishwa ndani ya gari. Wariara alikuwa akipandishwa na kikapu chake. Viazi vilikuwa bado motoni.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa Mwalimu Adero, labda akatafute mtu wa kumgombeza. Hakugombezwa.

"Nilikufundisha kumtaja shahidi," mwalimu alisema, hamtazami. "Kumlinda sikukufundisha. Nilidhani mtu huzaliwa akijua." Kisha akamkaribisha chai, na wote wawili hawakuinywa.

Nderitu naye alihojiwa kwa ule uongo wa binamu. Alipigwa makofi, akakatwa posho, kisha akarudishwa kazini, maana hakuna mwingine aliyelijua lile lori na ukaidi wake. Baada ya wiki moja alisikia kwamba Mathenge yuko Nakuru, ndani ya seng'enge karibu na stesheni, anangoja kupelekwa kizuizini. Wariara alikuwa ameshapandishwa treni na wanawake wengine. Nderitu akatoa blanketi lake mwenyewe kitandani, akasimamisha lori mlangoni kwa kina Kosgei.

"Panda, kijana," alimwambia Kiprugut. "Akikuona atapata nguvu."

Njia nzima mikebe iligongana nyuma, na Nderitu alisema peke yake. Waliosikia mdahaloni walikuwa wamemficha, kwa kumhurumia Kosgei. "Nani huyu aliyemtaja? Mathenge hajawahi kumkanyaga mtu! Haki ya Mungu, nikimjua..." Akapiga usukani. Kiprugut alisema moyoni kwamba atamwambia wakifika darajani. Wakafika darajani. Akasema basi, wakiona mji. Wakauona mji. Halafu akajiambia la maana ni kumwambia Mathenge kwanza, ndiye mwenye haki, naye atamwambia leo, piga ua.

Penye seng'enge askari aliwaruhusu dakika chache kwa sababu ya sigara za Nderitu. Mathenge aliletwa. Alikuwa amekonda, na jicho moja halikufunguka. Nderitu akanyoosha blanketi. Mathenge alimtazama, akatema mate chini, akampa mgongo.

"Mathenge," Nderitu aliita. "Ndugu yangu, ni mimi." Mgongo haukugeuka. Nderitu akasimama pale na blanketi lake mikononi, kisha akamwachia Kiprugut, akaenda kungoja penye lori.

Ndipo Mathenge akageuka. Alilipokea blanketi kwa kuwa lilitoka mkononi mwa kijana.

"Usitembee na mtu huyo, mwanangu," alinong'ona. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiye aliyeniuza."

"Mzee, hapana..."

"Hapana nini? Tazama. Mimi niko hapa, yeye bado anaendesha lori. Nimelala nikihesabu nani alijua mambo ya Olenguruone. Watu wawili tu. Yeye na wewe." Akapitisha vidole kwenye waya, akamgusa Kiprugut shavuni. "Na wewe ni mtoto wangu."

Kiprugut alijua nani alisema, alisemea wapi, na lini. Alifungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu, ni mimi, na mdomo huu huu ulioita jina la mtu mbele ya shule nzima ukashindwa kulitoa. Aliliona lile jicho moja likimtazama kwa upendo, akaogopa kulizima. Hivyo ndivyo alivyojiambia wakati ule. Baadaye alijua kwamba alijiogopea mwenyewe.

"Usilie," Mathenge alisema. "Soma. Wewe ndiye mtu wa kutafuta mambo ya kweli. Siku moja utayaandika haya yote, na jina la yule uliweke humo, watoto wa watoto walisome. Niahidi."

Askari alikuwa ameshaanza kuwasukuma wengine kwenye lori lao.

"Nitaandika, Mzee," Kiprugut alisema.

Mathenge akajifunika blanketi la Nderitu mabegani, akaenda. Hawakumwona tena.

Nderitu alikuwa ameketi kwenye usukani, hajawasha gari. Macho yake yalikuwa mekundu, mtu mzima yule.

"Alikwambia nini? Mbona alinipa mgongo? Nimemkosea nini?"

Kiprugut alitazama mbele. "Alisema aliona aibu umwone hivyo," alijibu. "Alisema asante kwa blanketi. Alisema wewe ni ndugu yake."

Nderitu akavuta pumzi ndefu, akajipangusa uso kwa kofia, akatabasamu. "Nilijua," alisema. "Mungu akubariki, kijana. Bila wewe ningekufa nikidhani ananichukia." Akawasha lori, wakarudi Njoro na mikebe mitupu.