Sufuria Niliyoitia Motoni

Mjukuu wangu Twahiru ni fundi hapa Buyenzi. Alhamisi tajiri mmoja wa mtaa wa Kiriri, Melchior, alimletea elisi ya boti yake ya matembezi, ile feni inayosukuma boti majini. Bawa moja lilikuwa limevunjika kwenye mawe.

“Unitolee mpya kama hii,” alisema. “Ikinitembeza Jumapili bila matata, boti zangu zote tatu utazitunza wewe. Utaacha kuhangaika barabarani na spana zako, ukifukuzwa kila siku.”

Twahiru aliacha kulala vizuri. Ijumaa alichimba umbo la elisi katika mchanga uani kwangu, akawasha makaa, akatia pistoni kuukuu za aluminiamu katika chungu cha chuma ziyeyuke.

“Isipofika alama hii ya ndani ya chungu, bibi, kazi imekufa,” alisema.

Adhana ya alasiri ikalia. “Nichungie moto,” akasema, akaenda msikitini.

Nikachungulia. Ilikuwa chini ya alama, kidole kizima. Nikaitazama sufuria yangu ya maharage, imetundikwa kwenye msumari wa jikoni. Nayo ni aluminiamu, nikajiambia. Nikaiponda kwa jiwe, nikaitia.

Aliporudi alicheka. “Imefika! Bibi, dua zako hizo.”

Nikaitikia amina, moyo umejaa furaha, naye akaimimina mchangani.

Jumapili Melchior na wageni wake walipokuwa mbali na ufuko, bawa la elisi mpya lilijikunja. Wavuvi waliwavuta hadi nchi kavu bila kudai kitu. Mungu awalipe.

Melchior alimfuata Twahiru mpaka uani kwangu, akaitupa elisi miguuni petu.

“Umeniaibisha mbele ya wageni! We si fundi, we muuza karanga!”

Twahiru aliinama, akaikwangua kwa tupa.

“Hii si pistoni tupu,” alisema taratibu. “Pistoni huvunjika, haijikunji. Kimeingia kitu laini.”

Kisha akainua macho jikoni kwangu, kwenye msumari uliobaki mtupu. Nikafungua mdomo. Akanishika mkono, akaubana.

“Ni mi nilikosea, patron. Nisamehe.”

“Apana. Boti zangu usizisogelee tena.”

Melchior alipoondoka nikamwambia Twahiru, “Mwanangu, ni mimi.”

“Najua, bibi. Ungeniuliza tu.”

Hakusema zaidi, wala hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Boti sasa zinatunzwa na fundi mwingine. Twahiru yuko barabarani na spana zake. Juzi aliniletea sufuria mpya, akaitundika mwenyewe kwenye msumari. Alipotoka niliibonyeza ukingo kwa kidole gumba. Ikabonyea, laini kama bawa lile.