Sifuri Mlangoni Pangu

Mimi Jiografia nilipata A. Masomo mengine tuyaache, wewe si mwalimu mkuu. Nilizaliwa karibu na Maseno, mahali ambapo ikweta yenyewe inapita, kwa hivyo mtu wa Kware, mtaa huu wa Nairobi ninakokaa, asije kunifunza habari za mistari ya ramani.

Kisa kilianza mwenye ploti, hili jengo tunalopanga, alipopaka rangi ghorofa yetu na kufuta namba zote za milango. Kwetu maji huja Jumamosi. Shiundu, msimamizi wa ploti, hufungua tangi na kuita mlango mmoja mmoja kwa namba, na tangi likikauka, waliobaki watajijua. Jumamosi hiyo nilikuwa na oda ya chapati za ruracio, sherehe ya mahari, huko mtaa wa Fedha, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na nyumbani sikuwa na maji hata ya kunawa uso.

Ijumaa jioni Shiundu akatuita kwenye koridoo. "Kubalianeni wenyewe tuanze kuhesabu wapi."

"Kwenye ngazi," akasema Mama Munene, muuza mitumba anayekaa hapo hapo kwenye ngazi, mwisho wa koridoo. "Mtu akipanda, mlango wa kwanza ni wangu. Kuna nini cha kujadili?"

Mimi nakaa katikati. Nikaweka mikono kiunoni.

"Ngoja! Ghorofa hazina ubishi. Ya chini ni ya chini, hata mlevi anajua. Latitudo ni hivyo hivyo: dunia inazunguka, ina ncha mbili, na ikweta iko katikati yake. Hakuna aliyeulizwa maoni. Lakini longitudo ni kama hii milango, haina mwanzo mpaka watu wakae waamue. Wakubwa wa dunia walikaa wakapiga kura, sifuri ikapewa Greenwich kule London, kwa sababu meli nyingi tayari zilikuwa zinatumia ramani za Waingereza. Wafaransa walinuna, lakini wapi!"

"Sasa London yetu ni wapi?" akauliza Thuo, fundi wa viatu.

"Ni kwangu. Sifuri iwe katikati, halafu tuhesabu mashariki na magharibi. Hakuna atakayekuwa mbali sana." Nikaleta sahani ya chapati moto, nilizokandia maji yangu ya mwisho. Kura ni kura, lakini mtu hapigi kura na njaa.

Nikashinda. Mama Munene peke yake ndiye aliyekataa, na hata yeye alikataa akitafuna. Shiundu akachora sifuri kubwa nyekundu mlangoni kwangu, nami nikalala kwa raha ya mtu aliyepewa kiwanja.

Asubuhi nikatoka na mitungi yangu.

"Moja mashariki!" akaita Shiundu. Nikadhani ananitania. "Moja magharibi! Mbili mashariki!" Watu wakanipita na mitungi inayomwagika. Wa mwisho kabisa akawa Mama Munene. Alipomaliza kujaza, bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza.

"We Shiundu! Na sifuri?"

"Mama Celine, mimi naita wa mashariki na wa magharibi. Sifuri iko upande gani?"

Haiko upande wowote. Nilijua tangu shuleni, na hapo ndipo paliponiuma.

Mayoo! Unga uko ndani kwenye karai, mkavu, na gari la Fedha liko njiani. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia palepale kwenye koridoo, mbele ya watu niliowalisha jana.

Mama Munene akaburuta mtungi uliojaa mpaka mlangoni pangu, akausimamisha, lakini mkono hakuutoa.

"Mama Celine, Jumamosi ijayo tunaanza kuhesabu wapi?"

Nikautazama ule mtungi. "Kwenye ngazi, dada."

"Sijasikia."

"Kwenye ngazi!" nikapiga kelele, koridoo nzima ikaangua kicheko.

Na hivyo ndivyo nilivyowafundisha mimi mwenyewe: mstari wa sifuri hukaa pale watu wanapokubaliana. Nikakubali kwa mikono miwili, nikabeba maji ndani.