Saa Nne Asubuhi Wako Wapi

Kwa siku tatu gari la kupima saratani ya matiti lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa mtaa, ngazi imeshushwa, na muuguzi ndani akifuta mashine isiyokuwa na vumbi. Wanawake waliofika walikuwa wanne. Wa nne alitaka kupimwa macho.

Mchora ramani alishika tama mbele ya kompyuta yake. Yeye ndiye aliyelileta gari pale. Kwa miezi miwili alikusanya takwimu nyumba moja moja, kila mwanamke wa miaka arobaini na kuendelea akawa kidoti chekundu, na mtaa ule ulipojaa vidoti kama mtoto mwenye surua, kichwa kilimvimba kwelikweli. Sasa mkuu wa idara alikuwa amemwambia waziwazi: mambo yakiwa hivi mpaka kesho, gari linahamia wilaya nyingine, na zamu ya mtaa huu ni baada ya miaka miwili.

Kidoti kimoja kilikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka sita. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi. Saa sita mchana alikunja ramani, akaibana kwapani na kumfuata kazini, kwenye ghala la kuchambua vitunguu.

"Shikamoo, shangazi. Gari liko hatua mia mbili kutoka mlangoni kwako na hujaenda. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Linafunga saa ngapi hilo gari?"

"Saa tisa."

"Na mimi natoka hapa saa kumi na moja. Hebu lete hiyo karatasi."

Ramani ikatandazwa juu ya meza ya kuchambulia. Wanawake wakasogea, machozi ya vitunguu yakiwatoka. Shangazi akaitafuta nyumba yake, akaigonga kwa kidole.

"Hapa ndipo ninapolala," alisema. "Umetuchora wote tumelala, mwanangu. Saa nne asubuhi mtaa ule una paka na wastaafu tu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mchora ramani alitamani ardhi ipasuke. Alijua fika kwamba shangazi hushinda ghalani kila siku. Ila hakuwahi kufikiri kwamba kidoti nacho hutoka nyumbani. Alikuwa amehesabu milango. Aliona aibu, na nyuma ya aibu akahisi furaha ya ajabu, maana kosa la namna hii hurekebishika.

"Basi nionyesheni," alisema. "Saa nne mnakuwa wapi?"

Shangazi akaweka kitunguu kwenye ramani, mahali pa ghala. "Hapa tuko sitini na wawili." Mwingine akaweka viwili kwenye kiwanda cha sabuni, anakofanya kazi dada yake. Cha sokoni kikabingirika mpaka mtoni.

"Mwacheni, huyo anajua kuogelea," mtu akasema.

Mchora ramani akavizungushia kalamu vyote, kimoja kimoja.

"Mbona hii ramani inanuka?" aliuliza mkuu wa idara alasiri ile.

"Ni vitunguu, mkuu. Naomba gari lihamie hapa, ghalani, kesho."

Mkuu akaitazama kwa muda mrefu, akapangusa macho, akatia saini.

Kesho yake saa tatu gari lilikuwa kwenye lango la ghala. Msimamizi alikubali kuwatoa watu kumi kumi. Foleni ilipiga soga kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watu wenye hofu wanavyofanya, na shangazi akasukumwa mbele kwa sababu ndiye aliyejitia kujua.

Alikaa sana ndani. Aliposhuka alikuwa na karatasi mkononi, na mchora ramani aliitambua ile karatasi. Ilikuwa ya rufaa.

"Wanataka picha nyingine, hospitali kuu," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Muuguzi anasema mara nyingi huwa si kitu."

"Jumatatu nitakupitia. Tutakwenda wote."

"Haya." Akaikunja karatasi mara mbili, akaisukumiza ndani kabisa ya mfuko wa aproni, kisha akawageukia wenzake waliokuwa wakimsoma uso.

"Sahani yake ya kubana ina baridi kidogo," akawaambia kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Basi. Wengine humu mmevumilia wanaume wabaya kuliko mashine ile."

Kicheko kikapita foleni nzima. Mwanamke wa pili akavua aproni yake, akamkabidhi shangazi amshikie, akapanda ngazi.