Tani Kumi na Moja za Teresa

Saa mbili na robo asubuhi, Jumanne, Protus Makhanu alikuwa amemaliza kupima trela ya tano. Mizani ilikuwa tupu. Mshale ulisimama kwenye sifuri, nzi walitembea juu ya kioo chake, na Protus alikuwa amefungua chupa ya chai. Kabla hajamimina, mshale ulipanda mpaka kilo arobaini, ukakaa hapo dakika tatu, ukarudi.

Kanuni ya kazi ilikuwa kwamba mshale ukisimama, karani avute mkono wa mashine, nayo igonge saa na uzito kwenye kadi. Alikuwa ameuvuta. Kadi ilisema kilo 40. Alitoka nje akaangalia bamba la chuma ambalo trela hupanda. Hakukuwa na mtu, mbuzi wala jiwe. Akainama, akachungulia shimo la chini. Palikuwa na maji ya mvua ya jana na chura mmoja, na chura hana kilo arobaini. Akarudi ndani. Mahali pa jina la mkulima aliacha wazi.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, wakati miwa ilikuwa imefika mpaka kwenye milango ya nyumba. Kutoka Lurambi kwenda mbele, watu waling'oa mahindi, wakang'oa migomba, wakapanda miwa, kisha wakawa wananunua unga dukani. Kampuni ilikuwa na furaha, na katika furaha hiyo ilileta kliniki ya wake za wakulima na wafanyakazi, ili wapimwe mlango wa kizazi kila Jumanne. Chumba cha kupimia kilishikana ukuta na kibanda cha mizani, kwa sababu mjenzi alitaka kuokoa matofali.

Saa tatu kasoro mshale ulipanda tena. Kilo tatu. Mlango wa kliniki ukafunguka, akatoka mke wa Barasa, mkata miwa, akifunga leso yake. Wanawake kwenye benchi wakamuuliza vipi.

"Kwani alishaanza?" alisema. "Mimi nilikuwa nangojanga aanze, nikaambiwa nishuke."

Aliyefuata alikuwa msichana aliyeolewa mwezi uliopita. Alipiga kelele mpaka wachomaji wa boila wakatoka nje kuangalia. Kilo kumi na mbili. Baada yake aliingia Nyanya Navalayo, mjane kutoka Malinya, aliyekuwa ameamka saa kumi alfajiri ili afike. Hakusikika. Alitoka akiweka sawa kitambaa cha kichwa, akasalimia benchi lote kwa mkono, mmoja mmoja, akasema hakuna kitu, ni sawa tu. Protus alikuwa ameshika kadi yake. Ilisema kilo 380. Alimtazama akishika barabara ya kurudi kwao, hatua fupi fupi, bila kusimama.

Philemon, dereva wa trekta na binamu yake Protus, alikuwa amefika na miwa.

"Karani, nipande?"

"Ngoja. Kuna mtu kitandani."

Philemon aliangalia ukuta, akaangalia mshale ulivyokuwa unapanda, akazima injini.

"Wako wangapi?"

"Wamebaki kumi na tisa."

"Basi nilale."

Mwisho wa mwezi madereva wote walikuwa wanajua. Siku ya Jumanne trela ilipanda mizani katikati ya mwanamke na mwanamke. Aliyekosea muda alipata miwa iliyozidi, na kiwandani walishindwa kuelewa kwa nini miwa ya Jumanne ni mizito lakini haina maji. Foleni ilirefuka mpaka kwenye daraja. Miwa iliyokatwa hukauka, na kila saa inayopita inapungua, kwa hiyo madereva walipiga honi tangu asubuhi mpaka jioni. Protus alitembea kutoka kiti mpaka dirisha na kutoka dirisha mpaka kiti. Chai ilipoa kila Jumanne.

Aliyepima wanawake alikuwa Sista Alice. Daktari Mukhwana alikaa chumba cha pili akitia sahihi. Sista Alice hakuwa mtu mbaya wala mwongo. Siku kliniki ilipofunguliwa, kabla ya mwanamke mwingine yeyote, alipanda kitanda yeye mwenyewe na kupimwa na sista wa kutoka mjini, ili wengine wasiogope. Mshale haukutikisika. Hakusikia kitu ila baridi ya chuma. Tangu siku hiyo alijua inavyokuwa, na alipoambiwa tofauti alimsikitikia aliyesema. Fomu zake zilikuja zimepigwa chapa tayari: Maumivu: hakuna. Palibaki visanduku viwili tu vya kuweka alama. Amepimwa. Amekataa. Aliyekataa mara mbili alifutwa kwenye orodha.

Teresa, mke wa Protus, alikuwa amekataa mara moja.

Jumanne aliyokataa, Protus alikuwa ametumwa makao makuu kupeleka kadi, hakuuona mshale. Alichoona ni mke wake jioni, ameketi kwenye kigoda jikoni, obusuma, ugali wa jioni, haijapikwa.

"Ilikuwaje, Mama Dorothy?"

"Nilimwambia atoe. Akatoa. Akaandika nimekataa."

"Wenzako wanaweza."

"Nimesikia."

"Hata mama mzee wa Malinya aliweza. Wewe ni sukari, utayeyuka?"

 Teresa aliinuka akaweka sufuria motoni.

Mama yake Teresa alikufa kwa ugonjwa huo wa mlango wa kizazi akiwa na miaka arobaini na mmoja. Dada mkubwa alifuata akiwa na arobaini. Wote wawili waligundua walipokuwa hawawezi tena kukaa. Teresa alikuwa na thelathini na tisa, na kwa wiki tatu alikuwa anatokwa na damu kidogo siku zisizo zake. Alitaka kujua. Hakuwa na jambo lingine alilotaka mwaka huo. Daktari mwingine wa kipimo hicho alikuwa Kisumu, na foleni yake ilikuwa ya miezi saba.

Alirudi Jumanne ya wiki ya pili. Alivaa gauni la kanisani. Protus alimwona kupitia dirisha akiingia, akamwinulia mkono, na yeye akainua wake. Philemon alikuwa ameegemea mlango wa kibanda akitafuna muwa.

Mshale ulianza polepole. Kilo mia. Kilo mia tisa. Ukavuka tani mbili, ukavuka tano, ukapita tisa, ambazo ni uzito wa trela ya Philemon ikijaa mpaka juu. Bamba la chuma lilipinda katikati. Bolti moja iliruka ikagonga bati la kliniki. Kwa upande ule wa ukuta hakukuwa na sauti isipokuwa ya Sista Alice akisema legea, mama, legea, wengine huwa hawasumbui.

Mshale ulisimama. Protus akavuta mkono. Tani 11, kilo 20.

"Trekta yangu haijawahi kuvuta hiyo," Philemon alisema. Akatema makapi ya muwa. "Mulamwa, shemeji yangu, amebeba hiyo peke yake?"

Protus alikuwa ameshaondoka kwenye kiti. Mshale ulianguka ghafla na bamba likanyooka. Teresa akatoka, amejishika kwenye fremu ya mlango.

"Nimeshindwa, Baba Dorothy," alisema. "Nilihesabu mpaka sitini. Sijapiga kelele."

"Najua."

"Unajuaje?"

Alimwonyesha kadi. Teresa aliisoma, akamrudishia, akaenda kukaa kwenye mwisho wa benchi. Wanawake walimsogelea wakampa nafasi ya kunyoosha miguu.

Protus aliingia kwa daktari bila kubisha. Hakusoma sana, aliacha shule darasa la sita baba yake alipokufa. Lakini mizani aliijua. Aliweka kadi juu ya meza.

Daktari Mukhwana alivaa miwani. Aliangalia muhuri, akaangalia saa.

"Huu ni uzito wa jumla au halisi?"

"Halisi."

"Uliondoa kitanda?"

"Kitanda kiko upande wenu, daktari. Hakikuwahi kuhesabiwa."

"Hapo sawa." Daktari aliirudia kadi. "Ni mwingi. Lakini unaona fomu ilivyo. Nikiandika tani, niandike wapi?"

Sista Alice aliingia akifuta mikono. Aliisoma kadi naye, kwa makini.

"Mimi nilipimwa kwa chombo hicho hicho," alisema.

"Mizani ilisema sifuri," Protus alisema. "Nilikuwa hapo."

"Basi si unaona?"

"Naona wewe una sifuri na yeye ana kumi na moja. Chuma ni kimoja. Hakuna kingine, kidogo?"

Kilikuwepo. Daktari alifungua kabati akamwonyesha, kimefungwa karatasi ya kahawia kama kilivyotoka kwa mtengenezaji.

"Hicho ni cha ambao hawajazaa," Sista Alice alisema. "Mkeo ana watoto watatu. Fomu inasema aliyezaa, kikubwa. Na kwa kikubwa ninamaliza ishirini kabla ya saa sita. Shemeji, hata mimi ninatakiwa kumaliza ishirini."

Nje honi zilikuwa zinalia kutoka daraja mpaka mizani. Daktari alirudisha kile chombo kabatini. Kisha alimwambia Protus kwamba kwa kuwa yeye ni mtu wa kampuni, hatamfuta mkewe leo. Aje Jumanne ijayo, mara ya mwisho. Alegee.

Kadi ilibaki juu ya meza. Daktari aliiwekea glasi ya maji juu ili isipeperuke.

Siku ya Ijumaa meneja alikuja kwenye mizani na fundi. Alikuwa amesikia habari za Jumanne na hakubishana nazo. Alitaka miwa ipimwe kama miwa tu. Fundi alifungua kifuniko cha nyuma, akamwonyesha Protus kitasa kidogo cha shaba.

"Mshale ukipanda na mizani ni tupu, unageuza hiki mpaka urudi sifuri. Halafu unaita trela. Hungoji mtu kitandani."

"Na ukishuka baadaye?"

"Unageuza tena. Kila mara unaanza sifuri. Hiyo ndiyo kazi."

"Na kadi?"

"Kadi ya nini? Imekuwa sifuri."

Meneja alisema hilo ni agizo, na kwamba kuna vijana wengi Kakamega wanaojua kugeuza kitasa.

Jumanne Teresa alivaa gauni lile lile.  Karibu na geti alimwambia, "Leo sitamwambia atoe. Hata nikifia hapo."

"Mwambie akitumie kile kidogo."

"Nilimwambia mara ya kwanza. Mwambie wewe."

"Nilimwambia."

"Basi."

Alikuwa wa saba. Protus alijua alipoingia kwa sababu mbao za benchi zilinyamaza. Foleni ilikuwa ya trela kumi na nane, na wa mbele hakuwa Philemon. Alikuwa dereva wa Lugari aliyeitwa Joash, asiyejua mambo ya Jumanne, na mkono wake haukutoka kwenye honi. Meneja alikuwa amesimama kando ya barabara na saa yake.

Mshale ulipanda. Protus aligeuza kitasa. Ulipanda tena, akageuza. Kitasa kilikuwa na moto kwenye vidole. Joash alipanda, akapimwa, akashuka, wa pili akapanda. Katikati yao mshale ulikimbia kuelekea kulia, na kila ulipokimbia Protus aliurudisha kabla haujasimama, kwa sababu ukisimama angeuvutia mkono, na kuvuta mkono kulikuwa kumekatazwa. Alirudisha mara tisa, labda kumi. Bamba lilipinda chini ya trela na hakuna aliyejua ni miwa au ni nini. Trela ya nne ilipokuwa inashuka, mlango wa kliniki ulifunguka.

Teresa alipita mbele ya dirisha bila kugeuka. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu ya miwa. Mkononi alikuwa na nusu ya fomu, na kisanduku cha Amepimwa kilikuwa kimewekwa alama.

Jioni alipika. Ilikuwa ingokho, kuku ambaye hawakuwa na sababu ya kumchinja siku ya wiki. Watoto walikula wakaenda kulala. Teresa alikula amesimama, sahani mkononi, ameegemea kabati.

"Ilifika ngapi?" aliuliza.

Protus aliendelea kumega obusuma.

"Baba Dorothy. Ilifika tani ngapi?"

"Sijui."

"Ulikuwa hapo."

"Nilikuwa narudisha sifuri."

 Teresa alichukua sahani ya mume wake, ambayo haikuwa imeisha, akaiweka juu ya yake akatoka nje kuosha.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Ilisema hakuna ugonjwa, arudi baada ya mwaka mmoja. Chini yake palikuwa na mstari wa chapa, Maumivu: hakuna. Teresa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia pamoja na picha ya mama yake. Alilala usiku huo mpaka asubuhi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mvua za Machi. Kalenda ya kampuni ilikuwa ukutani na alianza kuitazama siku iliyofuata, akihesabu miezi iliyobaki.

Jumanne benchi lilijaa kama kawaida. Chombo kidogo kilikuwa kabatini, ndani ya karatasi yake. Saa mbili na nusu mshale uliondoka kwenye sifuri na Protus hakutazama ulikuwa unaelekea wapi. Aligeuza kitasa, akatoa mkono dirishani, akaita trela.