Mla Panya, Bado Upo?

Jumatano tarehe sita Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya shule ya Kapamba ilianza kujisasisha yenyewe bila kumuuliza mtu. Mwalimu mkuu, Bi. Musonda Kapembwa, alikuwa ametoka kubonyeza kitufe cha kutuma ujumbe. Kioo kiligeuka bluu, kikasema subiri, usizime. Akasubiri. Saa saba mchana kompyuta iliamka na sura mpya, picha ya mlima wenye theluji ambao hakuna mtu wa Kapamba aliyewahi kuuona, na ilikuwa haioni tena kisanduku cha waifai kilichokuwa mezani palepale, hatua moja kutoka ilipo. Waya wa kuviunganisha haukuwezekana. Kompyuta ile haikuwa na tundu la waya, kwa sababu mkubwa aliyeinunua alisema waya ni mambo ya zamani.

Ujumbe ule ulikuwa wa kuomba gari la wagonjwa. Zahanati ilitumia kompyuta ya shule kwa kuwa paneli za sola zilikuwa shuleni, na mwaka ule wakubwa walikuwa wameamua kwamba gari haliitwi tena kwa simu, linaitwa kwa kompyuta tu, ili kila kitu kionekane kwenye mfumo. Aliyelala zahanati ni Kasuba, mke wa mlinzi wa shule. Alikuwa akitapika tangu alfajiri. Bi. Musonda alimpigia fundi wa wilayani, na fundi alipatikana mara moja, akasema zima, kisha washa. Akazima akawasha mara kumi na tisa. Saa kumi na moja jioni Kasuba alifariki. Ujumbe ulibaki umeandikwa: Inatuma.

Mlinzi mwenyewe anaitwa Jairos Shonga. Ni Mngoni wa mashariki, na Kapamba ni kijiji cha Wabemba watupu. Miaka thelathini na mmoja yeye na Kasuba walikuwa wakitaniana kila siku ya Mungu, maana Mngoni na Mbemba ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Yeye alimwita mla tumbili. Kasuba alimwita mla panya. Majirani walikuwa wakiacha kutwanga ili wasikie.

Kwa desturi, Mbemba akifa, Wangoni huja msibani kuvuruga. Humcheka marehemu, hulala kaburini wakidai wamewahi nafasi, humwiga alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wanaishiwa machozi kwa kucheka. Lakini Mngoni wa Kapamba alikuwa mmoja tu, na siku ile alikuwa mfiwa. Mfiwa hataniwi wala hatanii. Alikaa kwenye mkeka mdomo umefungwa, na Kasuba akazikwa kimya, bila tusi hata moja.

Baada ya hapo Shonga hakutania tena. Alikuwa akilinda geti na kuwasema wakubwa. Mvua ikichelewa, wakubwa. Geti likilia, wakubwa. Mara nyingi alikuwa sahihi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, kulitoka agizo jingine. Majina ya watoto wa mtihani wa darasa la saba yatapokelewa kutoka kompyuta ya shule yenyewe tu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Mwaka wa nyuma Bi. Musonda aliyapeleka wilayani kwa baiskeli. Safari hii baiskeli ilikatazwa kwa barua. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, na mmoja wao ni Lubuto, mjukuu wa Shonga. Kasuba alikuwa amemshonea sketi ya sekondari miaka miwili kabla, pana makusudi, ili aikute. Sasa ilikuwa inamtosha kiunoni.

Alhamisi mchana Bi. Musonda alifungua orodha ya mitandao kwa mara ya mia ngapi sijui. Kwa miezi kumi na minne orodha hiyo ilikuwa tupu. Leo ilikuwa na jina moja, na pembeni yake kile kialama cha mawimbi kikiwa hakina mstari hata mmoja. Aliisoma, akaenda dirishani.

"Mzee Shonga! Hebu njoo, hii nadhani ni yako."

Shonga aliingia na rungu lake. Alisoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo alisoma kwa kidole. Iliandikwa: *Mla panya, bado upo?*

"Ni Kasuba," alisema.

"Nami nimeona hivyo," alisema Bi. Musonda. "Mjibu basi. Majina yanatakiwa kesho."

"Nimjibu nini? Mimi siandiki hayo mavitu."

"Kwa mdomo tu. Ulikuwa unamjibu kwa barua?"

Shonga alikohoa. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti kwamba yeye yupo, na kwamba Wabemba hula tumbili. Orodha ikapepesa. Jina likabadilika: *Utani wa mtoto wa chekechea.* Mawimbi yakabaki vilevile.

Bi. Musonda, ambaye alikuwa na haraka, aliinama karibu na kompyuta akamwambia Kasuba kwamba hata yeye alikuwa na meno kama ya panya. Orodha ikapepesa tena: *Mwalimu, haya hayakuhusu.* Mbemba hamtanii Mbemba. Mwalimu akaomba radhi, akarudi kwenye kiti chake.

Habari ilitembea. Kufika saa tisa, dirisha la ofisi lilikuwa limejaa vichwa. Mama Chomba, aliyekuwa shoga wa Kasuba, aliletewa kiti ndani kwa sababu ya magoti yake, naye akawa anawasomea walio nje.

"Anasema hivi: *Shati lako lina vifungo viwili!*"

Wakacheka, kwa sababu ni kweli.

"Vilikuwa sita ulipokuwa hai," alisema Shonga. "Sasa najua nani alikuwa akivila. Wabemba mmemaliza viwavi, mmehamia vifungo."

Watu walipiga makofi. Kwenye kile kialama ulitokea mstari mmoja.

"Umeingia!" alisema Bi. Musonda. "Mzee, ongeza hapohapo."

Jina la mtandao haliruhusiwi kuzidi herufi thelathini na mbili. Kasuba, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kumaliza salamu kwa maneno machache hivyo, ilibidi ajifunze kufupisha, na kila mtu alikubali kwamba ufupi ulikuwa umemnoa. Aliandika: *Mlikuja kwetu mkikimbia.* Shonga akajibu kwamba walikuwa wakikimbia harufu ya tumbili wa kuchoma wakidhani ni nyumba inaungua, wakaja kusaidia kuzima. Mama Chomba alishika mbavu. Mstari wa pili. Kisha Shonga, kwa kuwa alikuwa amezoea, akaanza kuwasema wakubwa, na mistari yote miwili ikazimika.

"Achana na wakubwa, baba!" walipiga kelele dirishani. "Mtukane mkeo!"

Jua lilipoanza kuzama paneli ziliishiwa nguvu, kompyuta ikalala. Shonga alienda nyumbani akakaa jikoni akikumbuka matusi. Lubuto alisema kesho yake kwamba babu alikuwa akicheka peke yake huku akisonga ugali, na kwamba ugali uliungua chini lakini waliula.

Ijumaa kijiji hakikwenda shamba. Wanawake walileta vibuyu vya munkoyo, maana utani unakausha koo. Watoto arobaini na mmoja walipangwa uani kwa mstari, ingawa hakuna aliyewaita. Kuanzia saa nne asubuhi Shonga na mkewe waliendeleza pale walipoachia miezi kumi na minne iliyopita. Walitaniana juu ya mguu wa kushoto wa Shonga unaotangulia. Walitaniana juu ya ng'ombe aliyeahidi kununua. Alimwigiza Kasuba anavyopiga chafya, mara tatu na ya nne ikikataa, mpaka mzee mmoja akaanguka kutoka dirishani, akapanda tena. Mchana kulikuwa na mistari mitatu. Saa tisa na robo mtandao ukasema: *Ulinizika kimya kama karani.*

Mama Chomba alisoma hilo polepole.

"Nilikuwa mfiwa," alisema Shonga. "Ningefanyaje?"

Jina likabadilika: *Sema ulichonyamazia siku ile.* Chini yake kikafunguka kisanduku cheupe kinachotaka nywila.

Saa tisa na dakika ishirini. Shonga aliweka rungu chini. Akavua kofia, kisha akaivaa tena, kwa sababu mtani havui kofia.

"Kasuba," alisema, "hebu toka humo, tumbili mvivu wewe. Tunakujua. Umeona mihogo ya kutwanga imekuwa mingi, ukasema ngoja nife. Nani kakwambia shimo hili ni lako? Sogea, mimi ndiye niliyechoka! Umelala chali, umeacha mdomo wazi, na mimi nimeachiwa sufuria nisizojua hata zinaanikwa wapi. Inuka, mla tumbili. Inuka twende nyumbani."

Mama Chomba alicheka mpaka akalia, na nje walilia mpaka wakacheka, kama inavyotakiwa. Kwenye kisanduku cheupe vinukta vilijipanga vyenyewe, kumi na vinne. Mistari ikawa minne. Kompyuta ikaandika: Umeunganishwa.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Bi. Musonda aliweka orodha ya majina, akabonyeza. Haikwenda. Alifungua foleni ya ujumbe akaona sababu. Ujumbe wa kwanza kabisa, mbele ya majina, ulikuwa wa tarehe sita Machi ya mwaka jana. Mgonjwa: Kasuba Shonga, miaka hamsini na minne. Hali: mbaya. Tumeni gari haraka. Ulikuwa na picha mbili za cheti cha zahanati, kwa kuwa mfumo haukubali mgonjwa asiye na picha ya cheti, na sasa ulikuwa unatambaa, asilimia tatu, asilimia nne.

Bi. Musonda alimgeukia. "Mzee Shonga, huu umeziba njia. Nikiufuta, watoto watapita sasa hivi. Nikiuacha, sijui."

Kichwa cha Lubuto kilikuwa kati ya vile vya dirishani.

Shonga aliutazama ujumbe. Akausoma wote kwa kidole, mpaka neno haraka.

"Ulitangulia kwenye foleni," alisema Shonga. "Uache upite. Mama Chomba, tusaidie, chekeni."

Wakacheka. Si rahisi kucheka kwa amri, lakini Shonga alianza kuigiza tena chafya, na ya nne ilipokataa hawakuhitaji tena amri. Mistari ikawa mitano, kitu ambacho kialama kile hakikutengenezewa. Saa tisa na dakika hamsini na sita ujumbe wa Kasuba uliondoka. Majina arobaini na moja yaliondoka kwa pamoja, dakika mbili baadaye, yakifuatana kama kuku. Jibu lilirudi: Yamepokelewa.

Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya mto. Kuku saba walichinjwa. Lubuto alivaa sketi yake akaizungusha uani, na babu yake akacheza ngoma ya Kingoni, ile ya kukanyaga ardhi kana kwamba imekukosea, na watu wakamwambia anacheza kama aliyekanyagwa na ng'ombe, naye akasema angalau yeye ameshaona ng'ombe.

Jumamosi bado walikuwa wakila. Asubuhi ziliingia barua mbili kutoka mkoani. Ya kwanza iliwapongeza watu wote kwa mfumo mpya wa kuita magari, ambao tangu uanze hakuna gari hata moja lililoandikwa kuchelewa. Ya pili ilisema Jumatano kompyuta zote zitajisasisha tena. Bi. Musonda alizisoma kwa sauti. Shonga akasema neno moja kuhusu wakubwa, na safari hii hakuna mstari uliozimika. Kwenye orodha iliandikwa: *Hapo umesema.*

Saa sita mchana gari la wagonjwa liliingia uani, jeupe, jipya, taa inazunguka. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni, akasalimia wakubwa kwa wadogo, akasema amekuja kumchukua Kasuba Shonga, hali mbaya, haraka. Wakamwambia Kasuba yuko kule nyuma ya kanisa, mwaka wa pili sasa. Akaitika. Wakamkaribisha, akanawa, akala ugali kwa paja la kuku, akasema ni mtamu. Mama Chomba akamuuliza kabila, akasema Mngoni, na hapo hapo akanyang'anywa paja la pili.

Baada ya kula alifuta mikono, akatoa fomu. Alisema hawezi kurudi na gari tupu bila kuijaza, na wakubwa hawaipokei ikiwa na nafasi wazi. Alijaza jina la mgonjwa. Alijaza tarehe ya kuitwa na tarehe ya kufika, akazihesabu kwa vidole, akaandika siku. Ukabaki mstari mmoja chini kabisa, wenye maneno: Aliyechelewesha, jina na cheo.

Alimtazama Bi. Musonda, akamtazama Shonga, akaitazama kompyuta pale mezani, yenye mlima wake wa theluji. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Samahani, wazee wangu," alisema. "Hapa niandike nani?"